Lenzi gani ya kubeba ukienda Kisii na Nyamira?

Shule zinapofungwa na magari ya kwenda Kisii kuanza kujaa jijini Nairobi, utaona jambo ambalo zamani halikuwapo. Katikati ya vifurushi vya sukari, blanketi na magodoro, yupo kijana aliyekumbatia mkoba mweusi kifuani kama mama aliyebeba mtoto. Ndani ya mkoba mna kamera. Ukimuuliza atapiga picha gani akifika, atakujibu, "Mandhari." Ukimuuliza amebeba lenzi gani, ama maneno yatamwishia au atakutajia ile ndefu kuliko zote aliyoweza kuazima.

Mimi simcheki, msomaji mpendwa, kwani nilikuwa kama yeye. Na mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, karibu afuate nyayo zangu. Alikuwa ametazama picha za wale wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya, mtu akiruka hewani huku unga mweupe ukitimka nyuma yake. Akaja na swali: "Mjomba, nikinunua lenzi kama za wale wapiga picha, si nitaipata milima ya kwetu vizuri?"

Swali lake lilikuwa na maana kuliko alivyodhani. Mpiga picha wa theluji ana taabu tatu. Ya kwanza ni umbali, kwani husimama nyuma ya uzio wakati anayemtaka yuko mbali mlimani. Ya pili ni mwendo. Ya tatu ni weupe wa theluji, ambao huidanganya kamera. Ukiongeza baridi na unyevu, utaelewa kwa nini kila mmoja wao hubeba lenzi zaidi ya moja. Sasa, Kisii na Nyamira hakuna theluji. Lakini amini usiamini, taabu hizo zote zipo, na huenda ukakutana nazo katika safari ya siku mbili tu.

Namba zilizo kwenye lenzi

Kabla hatujapanda gari, tuelewane kuhusu namba mbili. Ya kwanza ni ya milimita. Lenzi ya milimita 50 huona karibu sawa na jicho lako linapotazama kwa utulivu. Ya 24 au 28 hupanua, ikameza nyumba nzima na ua wake. Ya 200 au 300 huvuta kilicho mbali kikawa kama kiko mlangoni. Kumbuka kwamba kamera nyingi za bei ya mwanafunzi zina kihisi kidogo, kwa hivyo zidisha namba hiyo kwa moja na nusu hivi. Ile 50 itafanya kazi kama 75, na 35 ndiyo itakayokaribia jicho.

Namba ya pili ni ile yenye herufi f, ambayo huonyesha ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga. Hii huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.8 hukubali mwanga mwingi, na hivyo itakufaa jikoni kwa nyanya saa moja jioni. Ya f/5.6 itakuangusha humo, hata ikiwa ndefu kama mkono wako.

Manga: mahali pa lenzi ndefu

Tuanze na mlima. Ukipanda Manga asubuhi, jua linapochomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, utakuta ukungu umelala mabondeni na vilele vimejitokeza juu yake kama visiwa. Siku ya anga safi macho hufika mbali sana upande wa Ziwa Victoria. Hapo mgeni hutoa lenzi pana, akidhani mandhari makubwa yanataka lenzi inayomeza mengi. Akirudi nyumbani anashangaa. Milima iliyomtoa jasho imekuwa vichuguu, na nusu ya picha ni mbingu tupu.

Sababu ni kwamba lenzi pana hukisukuma mbali kila kilicho mbali. Milima ya Gusii haina kilele kimoja cha kujivunia kama Kirinyaga. Uzuri wake ni wingi: kilima nyuma ya kilima, na shamba juu ya shamba hadi kileleni. Lenzi ya 135 au 200 hukusanya vilima hivyo na kuvibananisha, kila kimoja kikiwa na rangi yake ya ukungu. Mashamba ya majani chai upande wa Kebirigo na Nyansiongo hupendeza kwa njia iyo hiyo. Mistari ya michai hujipanga, na wachumaji wenye vikapu mgongoni huonekana wadogo kwa kipimo chao cha kweli. Piga kabla ya saa nne. Hapa tuko karibu na ikweta, jua la mchana husimama utosini na kufuta vivuli vyote, na alasiri mara nyingi ni ya mvua.

Tabaka: weupe unaodanganya

Kutoka mjini Kisii shika njia ya kuelekea Migori, kisha uiache barabara kuu uingie Tabaka. Hapo ndipo nyumbani kwa lile jiwe laini la sabuni ambalo wachongaji wake wamelipeleka dunia nzima. Ndege wa amani aliyechongwa na Elkana Ong'esa amesimama katika makao makuu ya UNESCO, Paris. Utakuta machimbo meupe, vumbi jeupe, mikono myeupe hadi viwikoni, na akina mama wakisugua vinyago kwa msasa ndani ya beseni za maji.

Hapa ndipo kamera itakapokudanganya, sawasawa na inavyomdanganya aliye kwenye theluji. Kamera hudhani kila kitu duniani ni cha kijivu. Ikiona weupe mwingi huamini mwanga umezidi, ikaupunguza. Matokeo yake ni jiwe la rangi ya majivu, na mchongaji aliye katikati amekuwa kivuli kisicho na macho. Ni makosa kumwonyesha mtu hivyo, hasa mtu ambaye umekuja kumsifu kwa kazi yake. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze mwanga hatua moja, halafu utazame uso. Uso ukionekana vizuri, inatosha, hata kama jiwe limepauka kidogo.

Lenzi ya Tabaka ni fupi, 28 au 35, kwani utakuwa karibu na watu na kazi yao ni ya mikono. Kanuni ni moja: usibadilishe lenzi machimboni. Vumbi likiingia ndani litaonekana kama madoa katika kila picha utakayopiga baadaye. Chagua lenzi ukiwa bado ndani ya gari. Ukishatoka vumbini, lipulize kwanza kabla ya kupangusa kioo. Aidha, nunua kitu kwa mtu uliyempiga picha. Yeye anauza vinyago, sura yake hakuileta sokoni.

Uwanjani na barabarani

Ikiwa safari yako itaangukia siku ya mechi katika Uwanja wa Gusii, lenzi ndefu itarudi kazini. Mashabiki wa Shabana, timu iliyorejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya kungoja, hawakai kimya wala hawakai chini. Utahitaji 200 au 300, na shata ya sehemu moja ya elfu ya sekunde ili mpira usimame hewani. Lakini geuka pia uwatazame mashabiki wenyewe. Mara nyingi picha ya mechi iko nyuma yako.

Wakimbiaji nao wana historia yao hapa. Nyandika Maiyoro alikuwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha Kenya kwenye Olimpiki, Melbourne 1956. Naftali Temu aliiletea nchi dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Ukikutana na wanafunzi wakifanya mazoezi kwenye vilima vya udongo mwekundu, simama juu ya mwinuko, si chini. Anayepanda huinua uso karibu na kilele, na hapo ndipo utaona juhudi. Wanapoteremka, jaribu shata ya polepole, sehemu moja ya 60, huku ukimfuata mmoja wao kwa kamera. Migomba itageuka mistari naye atabaki wazi. Utaharibu picha ishirini ndipo upate moja, lakini hiyo moja itaonyesha mbio kweli.

Siku weupe ulipokuja Nyamira

Sasa nikueleze kilichonifunza haya yote. Miaka kadhaa iliyopita nilimtembelea shangazi yangu, aliyeolewa upande wa Nyamira. Nilikuwa nimeazima lenzi ya milimita 300, nzito kama tofali, nikijiona bingwa. Ilikuwa alasiri, tumekaa jikoni karibu na moto, chai ikichemka. Ghafla mabati yakapigwa kishindo. Mvua ya mawe.

Ilipokatika nilitoka mbio. Shamba lote la michai lilikuwa jeupe, kuanzia mlangoni hadi mtoni. Nikasema moyoni, leo nimepata theluji yangu! Picha za kwanza zilikuwa maziwa matupu, kwani lenzi ilikuwa imeshika umande. Nikangoja. Zilizofuata zilikuwa za kijivu, kwa sababu ile niliyokwisha kukueleza. Hatimaye nikapata mbili tatu nzuri, vilima vyeupe vikiwa vimepangana. Nilifurahi kupita kiasi.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa amesimama kando ya mchai wa kwanza. Ameshika kiganjani majani yaliyopasuka vipande vipande, akiyatazama bila kusema neno. Msomaji, mvua ya mawe kwa mkulima wa chai si mapambo. Machipukizi ya kuchumwa yamekwenda, na wiki nyingi zitapita kabla ya kupeleka kitu cha maana kwenye kituo cha kuuzia majani. Karo ya wajukuu wake ilikuwa pale, imelala chini.

Nikainua kamera. Lenzi ya 300 ikakataa. Alikuwa karibu mno, haikuweza kumwona sawasawa. Nikarudi nyuma hadi nikagonga ukuta, na bado nikapata sikio na nusu ya kitambaa. Shangazi akaniangalia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo imekuja kutazama mlima tu?"

Sikuwa na jibu. Kufikia wakati nilipokimbia kuitafuta lenzi ndogo mkobani, barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, naye alikuwa ameingia ndani kumalizia chai. Zile picha za vilima vyeupe ninazo hadi leo, na kila anayeziona huzisifu. Mimi huona kilichokosekana. Shangazi alikwisha kutuacha, na picha ya siku ile yenye uso wake sina.

Basi ununue ipi?

Jibu nililompa mpwa wangu ndilo ninalokupa wewe. Ikiwa fedha zako zinatosha lenzi moja tu, usianze na ndefu. Nunua fupi yenye tundu kubwa, 35 au 50 ya f/1.8. Hizo kwa kawaida ndizo nyepesi, na bei yake haitamfukuza mzazi. Nazo zitakulazimisha kumsogelea mtu, kumsalimu "Bwakire" kama ni asubuhi, na kumwomba ruhusa kabla ya kupiga. Ukiwa na simu tu, usione haya. Lenzi yake ya kawaida ni pana kiasi cha kukutosha Tabaka na jikoni. Epuka tu kuvuta picha kwa vidole, sogea kwa miguu.

Lenzi ndefu azima au kodisha kwa siku za Manga na uwanjani. Beba mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, na kitambaa safi. Ukitoka kwenye baridi ya nje na kuingia ndani kwenye joto, iache kamera mkobani kwa muda izoee joto polepole. Na usiku, kabla ya kulala, uamue ni lenzi ipi itakayokuwa kwenye kamera kesho ukiamka. Jambo lenyewe likija halitangoji ubadilishe.

Wengi wetu tunamkumbuka Philip Boit, Mkenya aliyeshindana kwenye theluji huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Siku ile palikuwa na milima, kasi na weupe tele. Picha iliyobaki mioyoni ni ya watu wawili waliokaribiana.

Mpwa wangu alinunua ile 50. Likizo iliyofuata alirudi na picha chache za milima, na moja ya mama yake akicheka huku akimenya ndizi, moshi nyuma yake. Imetundikwa ukutani kwao. Ukienda, nawe rudi na mmoja wa nyumbani, kisha uisafishe picha na kumpelekea mwenyewe angali anaweza kuishika mkononi.