Shahada ya Udongo
Tuliuza mtumbwi ili kijana wetu asomee kilimo, hasa elimu ya udongo, katika Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 1989. Hapa Baraka majirani walicheka: mtumbwi mzima kwa kujifunza matope!

Likizoni alichimba shimo la kufika kifuani katika shamba letu la muhogo mlimani. Juu twaona udongo mweusi, unene wa kidole tu. Chini, mwekundu mtupu. Mvua imeuteremsha ule mweusi hadi Ziwa Tanganyika.

Babu yake akauliza, “Chuo chenu kitaurudisha lini?”

“Sentimita moja, babu, huenda ikahitaji miaka 100 au zaidi.”

Mzee alinyamaza. Kesho yake alikata matete, akayapanda kukingama mteremko. Karo ya mwaka wa mwisho ingali yatungoja.