Habari Isiyo na Mdomo

Vita vina tabia ya kufika mahali ambapo risasi hazifiki. Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, ni mji mdogo wa wakulima wa pamba na wafugaji, kati ya tambarare za Usukuma. Hauna bandari, wala haupakani na nchi ya kigeni. Lakini mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, alikuwapo mama mmoja mjini hapo ambaye vita vile alivibeba ndani ya mkoba wake, katika simu.

Mwanawe alikuwa miongoni mwa askari wa Tanzania waliokwenda Kongo na kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kilichoanza kupelekwa huko Desemba 2023. Kwa siku tatu simu ya kijana haikupatikana. Badala ya sauti yake, mama aliletewa video ya nusu dakika: magari ya deraya yanaungua, watu wanaanguka, na chini yake maandishi kwamba hao ni vijana wetu.

Mama huyo hakuwa mgeni wa habari za vita. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, yeye alikuwa binti mdogo. Watu wa kijijini kwao walikusanyika kwenye redio moja, ambayo betri zake zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu za jioni. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba mvamizi atapigwa. Neno lile lilisikiwa na wote kwa wakati mmoja, tena lilikuja na madai yake: vijana wa mgambo, ng'ombe, chakula. Mjomba wake binti yule akaenda.

Si haki kuzisifu zama zile kupita kiasi. Redio ilikuwa ya serikali, ikasema yaliyoipendeza serikali. Na uvumi nao ulitembea kwa miguu. Kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili 1979, mpita njia alileta habari kwamba mjomba ameuawa. Matanga yakawekwa. Babu akashika fimbo, akamfuata mleta habari hadi kijiji cha pili, akamwuliza: "Ulimwona kwa macho yako?" Hakuwa amemwona, naye aliambiwa. Babu akarudi, akayavunja matanga. Mwaka huohuo mjomba alirejea, amekonda, anachechemea, lakini yu hai.

Uongo ule ulikuwa na mdomo, na mdomo una mwenyewe. Mtu aliweza kuufuata, akausimamisha mlangoni, akauhoji. Video iliyomo mkobani mwa mama haikuwa na mlango wa kubishwa hodi. Imetoka kwa fulani aliyeipata kwa fulani, na kila aliyeipokea aliipitisha kwa kidole tu, bila hata kufungua kinywa.

Wako wanaosema dawa ni sheria. Sheria ipo: ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha habari za uongo kwa kukusudia. Lakini mtu anayesambaza kwa huruma, akiamini anawaombolezea vijana wa nchi yake, hajioni kuwa mhalifu. Wengine husema dawa ni kuzima. Hilo nalo limejaribiwa: siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchini, na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Simu zilinyamaza, minong'ono haikunyamaza. Mtu mwenye ndugu mjini aliyeanza siku na hofu moja aliimaliza na hofu kumi, kwani gizani kila kivuli ni mtu. Penye upungufu wa habari za kweli, uongo hauhitaji hata mtandao.

Mama aliipeleka simu yake steshenari, kwa kijana mwenye kompyuta. Kijana huyo huchapa barua za maombi ya kazi, hutoa fotokopi, na hunakili nyimbo na filamu kwenye flashi za watu. Akaisimamisha video, akaikuza picha, akaitafuta mtandaoni. Haikuchukua muda. Ulikuwa mchezo wa kompyuta. Jambo hilo si geni: mwaka 2022 kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, inayotengeneza mchezo uitwao Arma 3, ilitoa taarifa kwamba vipande vya mchezo wake vinasambazwa kama picha za vita vya kweli, vya Ukraine na kwingineko.

Mama alishusha pumzi. Kisha akauliza alichokiuliza babu yake.

"Na wewe, mwanangu, uliiona wapi? Maana ulipoiona tu uso ulikubadilika."

Kijana aliinamisha kichwa. "Nimewawekea watu asubuhi, mama. Kwa shilingi mia tano. Nilidhani ni kweli."

"Watu wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Mama hakumlaumu. Alisema tu kwamba katika hao kumi na mmoja huenda yumo mwenye mtoto Kongo. Kijana akafunga duka ilhali jua lingali juu, akaenda kuwatafuta mmoja mmoja.

Siku chache baadaye Jeshi la Wananchi lilitangaza kwamba askari wawili wa Tanzania wamefariki huko Kongo. Mwana wa mama huyu hakuwa miongoni mwao. Alipiga kwa simu ya kuazima, akasema amekula, na laini ikakatika. Lakini wawili hao nao walikuwa na mama zao, na kifo chao kilikuwa cha kweli, hakikuhitaji kutiwa moto wa mchezo ili kiumize.

Kijana wa steshenari aliwapata watu wanane. Watatu waliobaki walikuwa wamekwisha kuwatumia wengine.