Goma: Mama mponda mawe asiyepata usingizi

Pembeni ya mji wa Goma, mama mmoja anakaa chini tangu alfajiri, nyundo mkononi, akiponda mawe ya volkano yawe kokoto za kujengea. Alikimbia Sake mwezi wa pili 2024, mabomu yakianguka, pamoja na watoto wanne. Kambi alimokuwa ilivunjwa mwaka uliofuata. Leo anapanga chumba kimoja cha mbao.

Kazi hii inaumiza mgongo, na kokoto zinaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi. Lakini mgongo si kitu. Nyundo ya jirani ikigonga kwa ghafla, mikono inamtetemeka, macho yanatafuta watoto. Usiku halali. Wenzake walicheka, kisha wakanong'ona kwamba ana mapepo. Wanaosema hivyo labda wamesahau walivyokimbia wao wenyewe. Akanyamaza: nani atampa kazi mtu anayeitwa kichaa? Hapo Goma kuna kituo cha Tulizo Letu kinachotibu magonjwa ya akili, lakini aliogopa kuonekana mlangoni.

Aliyemfungua mdomo ni mama mzee kutoka Masisi, anayeponda mawe palepale. Alimwambia: «Hata mimi, mwanangu. Tangu vita.» Siku hiyo kokoto hazikujaza hata ndoo moja, walizungumza mpaka jua likazama. Wiki iliyofuata walienda wote wawili kumwona muuguzi.

Usingizi bado ni wa kuibia. Ila sasa wanakaa karibu, na mzee, kabla ya kuinua nyundo, humwambia kwanza: «Mwanangu, napiga.»