Fanicha ya Nyumba Inayohama

Leo nataka tuzungumze juu ya makochi. Ndiyo, makochi. Nivumilie kidogo, utaona ninakokupeleka.

Marekani kuna magari makubwa ambayo ndani yake mna jikoni, kitanda, choo na sebule. Wenyewe huyaita RV. Mengi yake hutengenezwa eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Unaweza kudhani ni ya matajiri wanaotalii tu, lakini wako watu wanaoishi humo mwaka mzima kwa sababu ya kazi. Dada mmoja aliyekuwa akiimba katika kwaya yetu ni mmoja wao. Ni muuguzi wa mikataba: wiki 13 katika hospitali moja, kisha anatumwa mji mwingine. Yeye, mume wake na kijana wao wa miaka saba wanahama na nyumba yao.

Alinipigia simu tuombe. Kochi lao lilikuwa limekwisha. Ngozi bandia ilikuwa inabambuka na sponji imelala chini. Kwa miaka miwili walilifunika kwa shuka, wakiambiana, "Tuko hapa kwa muda tu." Sasa yeye alitaka sofa kubwa ya dukani, kama zile za sebule ya kwao. Mume alikataa. Jambo la kochi lilikuwa limefika mahali hawasalimiani asubuhi.

Akaniambia, "Pasta, shida si kochi. Nimechoka kuishi kama mtu anayengoja gari stejini."

Mpendwa, huenda wewe hujawahi kuiona RV hata moja, lakini maneno hayo unayajua. Wewe uliye kwa bedsita Pipeline ukisema utanunua kitanda siku utakapojenga. Wewe uliye Doha kwa mkataba wa miaka miwili. Wewe unayengoja mume, unayengoja kazi, unayengoja majibu ya daktari.

Sasa msikilize mume, kwa sababu naye alikuwa na hoja. Mlango wa gari hilo una upana wa sentimita 66. Kiwandani, fanicha nyingi huingizwa kabla ukuta haujasimamishwa, kwa hivyo hata lile kochi la zamani lisingetoka bila kukatwa vipande. Pili, gari lina kibandiko kinachosema linaweza kubeba mzigo wa kilo ngapi, na humo unahesabu watu, vyombo, na maji pia. Tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200. Sofa ya nyumba imetengenezwa ikae mahali pamoja, haikutengenezwa ikijua habari ya uzito. Tatu, na hili ndilo lililomkosesha usingizi: kijana wao hukaa kwenye kochi hilo gari likienda. Mikanda yake imefungwa kwa bolti hadi kwenye chuma cha gari. Ukileta sofa nzuri ukaipigilia skrubu kwenye sakafu ya plaiwudi, siku dereva akikanyaga breki kwa nguvu, sofa na mtoto vinaruka pamoja.

Basi ni nani alikuwa na haki? Nilipokuwa nikiomba juu ya jambo hili, Bwana alinipeleka kwenye Kutoka sura ya 25.

Soma ukipata nafasi. Mungu anaagiza fanicha ya nyumba inayohama. Hema lilikuwa likikunjwa na kusafiri jangwani, na bado Mungu hakusema, "Kwa kuwa mko njiani, tumieni chochote." Sanduku la Agano ni la mti wa mshita, limefunikwa dhahabu safi ndani na nje. Meza nayo imefunikwa dhahabu. Dada yetu hakukosea kutamani kitu kizuri. Kuwa njiani si sababu ya kukalia kitu kilichooza.

Lakini tazama tena. Sanduku lina pete nne, na miti ya kuchukulia imepitishwa ndani yake, na Mungu akaagiza miti hiyo isitolewe. Meza ina pete. Madhabahu ya shaba, iliyo na upana wa dhiraa tano, imetengenezwa kwa mbao na kuachwa wazi ndani, maana hakuna anayebeba madhabahu nzima ya shaba jangwani. Kinara cha taa hakina pete, lakini Hesabu 4 inaeleza kitambaa cha kukifunikia na mahali pa kukiweka kibebwe. Hata uzito Mungu aliuhesabu. Katika Hesabu 7, wana wa Gershoni walipewa magari mawili ya kukokotwa na ng'ombe, na wana wa Merari, waliobeba mbao na nguzo, wakapewa manne.

Unaona? Dhahabu na pete, kwa kitu kimoja. Mume alikuwa ameona pete, mke alikuwa ameona dhahabu, na kila mmoja alifikiri mwenzake ni adui wa nyumba.

Nikawasomea wote wawili kwa simu. Hawakunijibu sana. Lakini wiki iliyofuata walipiga tepu kila kona kabla ya kununua chochote. Walikata lile kochi, wakaacha fremu ya chuma na mikanda yake mahali pake, wakatafuta fundi wa kushona mito mipya juu yake. Kitambaa alichagua mama, rangi ya machungwa. Juu yake ametandika vitambaa alivyofumiwa na mamake Bungoma, ambavyo havifiki hata kilo moja. Nimeona picha. Kijana amefungwa mkanda, anacheka.

Sasa nakuuliza wewe. Je, kuna kitu kimeoza maishani mwako ambacho umekifunika shuka kwa sababu "ni kwa muda tu"? Ndoa? Afya? Maombi ya asubuhi? Kitengeneze leo, huko huko njiani. Na je, kuna kitu unataka kuingiza ambacho hakina pete? Mkopo wa sofa ya watu saba kwa nyumba ya kukodi? Uhusiano ambao Mungu akikuambia ondoka, hutaweza kuinuka? Pima mlango kwanza. Uliza ni nani atakaa hapo breki zikikanyagwa.

Na usidhani pete ni za maskini. Sulemani alipojenga hekalu la mawe, safari ya Sanduku ikawa imekwisha. Lakini soma 1 Wafalme 8:8. Ile miti bado ilikuwa ndani ya pete, na ncha zake zilionekana.

Tuombe. Baba, wakumbuke walio mbali na kwao usiku huu. Wape mahali pazuri pa kuketi hata wakiwa njiani, na mioyo inayoweza kuinuka ukiita. Walinde watoto wao barabarani. Katika jina la Yesu.

Kama uko safarini, andika mji ulipo hapo chini, tutakuombea kwa kesha ya Ijumaa. Ubarikiwe.