Gari Likichemsha, Tafuta Sababu Kwanza

Huku kwetu Kyela magari mengi ni ya zamani, na mengi ni ya dizeli. Magari hayo hubeba mpunga, kakao, ndizi na mawese. Hubeba samaki kutoka Matema. Usiku hubeba mgonjwa, au mama anayetaka kujifungua, kwenda hospitali. Gari moja likilala, watu wengi hukwama.

Mimi ni fundi wa magari. Ugonjwa ninaoletewa mara nyingi ni gari kuchemsha. Mara nyingi pia naletewa gari ambalo mwenyewe amekwisha kununua vifaa vipya, na bado linachemsha. Amenunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Kwa hiyo leo tuzungumze jambo hili pole pole. Hata kama huna gari, soma. Huenda kesho ni gari la kikundi chenu, na fedha zitakuwa zenu.

JOTO LINATOKA WAPI?

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa inapata moto sana. Dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Moto huo ndio unaosukuma gari.

Lakini moto wote haufanyi kazi hiyo. Ugawe moto huo katika mafungu matatu. Kama fungu moja tu linasukuma gari. Fungu la pili linatoka na moshi. Fungu la tatu lazima lichukuliwe na maji.

Pampu inazungusha maji ndani ya injini. Maji yanachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta. Rejeta ina mirija myembamba. Feni inavuta hewa kati ya mirija hiyo, maji yanapoa, kisha yanarudi kwenye injini. Kazi hii haisimami. Kitu kimoja kikishindwa, joto linabaki ndani.

Hapa kwetu kazi hiyo ni ngumu. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko juu zaidi ya mita 1,400. Gari linalotoka Kyela na magunia ya mpunga linapandisha mzigo karibu kilomita moja kwenda juu. Magunia yenyewe mara nyingi ni lumbesa!

SWALI LA KWANZA

Siku moja alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa mchele. Pikapu yake ilikuwa inachemsha. Alikuwa amekwisha kununua pampu mpya ya maji. Gereji nyingine ikamtolea thamostati na kuitupa. Pikapu ikaendelea kuchemsha. Mwisho akaambiwa injini imekufa.

"Mwanangu," akaniambia, "nimeamua kuuza ng'ombe wawili ninunue injini."

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Kabla hujauza ng'ombe, niambie. Gari linachemsha wapi?"

Akamgeukia dereva wake. Dereva akasema, "Kwenda Ipinda halichemshi. Kwenda Matema halichemshi. Likianza kupanda Tukuyu na mzigo, mshale wa joto unapanda."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilikuwa na thamani kubwa. Hilo ndilo swali la kwanza, na halina gharama.

Kama gari linachemsha likiwa limesimama au likienda pole pole, lakini linapoa likikimbia, tazama feni na mkanda wake. Likikimbia, upepo wa njiani unasaidia kazi ya feni. Likisimama, feni iko peke yake.

Kama linakwenda vizuri tambarare na kuchemsha mlimani, shuku rejeta. Inapoza joto dogo, lakini joto kubwa linaishinda.

Kama linachemsha upesi popote, hata bila mzigo, tazama kama maji yamepungua. Yakiwa kamili, shuku thamostati, pampu au gasketi ya silinda hedi.

ANZA NA VITU VISIVYO NA GHARAMA

Ngoja injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yale yamebanwa. Yataruka na kukuunguza uso, mikono na kifua.

Injini ikipoa, tazama maji. Kama yanapungua, tafuta yanakovujia. Pitisha mkono kwenye mipira ya maji. Tazama chini ya pampu.

Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole. Ukilegea sana, au ukiwa unang'aa na una nyufa, utateleza. Pampu na feni hazitazunguka sawasawa.

Tazama kifuniko cha rejeta. Mpira wake ukipasuka hakibani tena. Hili ni jambo kubwa kwa watu wa milimani. Huko Tukuyu maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Kifuniko kizima kinayabana maji, nayo yanachelewa kuchemka.

Kisha tazama uso wa rejeta. Kwenye pikapu ya yule mama niliwasha tochi upande wa nyuma. Nilipotazama kwa mbele sikuona mwanga. Kati ya mirija mlijaa pumba za mpunga, udongo wa masika, na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Hewa ingepita wapi? Tukaisafisha kwa maji, tukimwaga kutoka nyuma kwenda mbele, bila nguvu nyingi ili mapezi yasilale.

Gari likapata nafuu, lakini halikupona. Tukaifungua rejeta. Mirija mingi ilikuwa imezibwa na kutu na matope. Kwa miaka mingi utingo alikuwa akiongeza maji ya mtoni. Rejeta ikazibuliwa. Tukaweka thamostati nyingine. Pikapu ikapanda Tukuyu na mzigo wake bila kuchemsha. Ng'ombe wakabaki zizini.

THAMOSTATI SI ADUI

Mafundi wengine hutoa thamostati wakidhani wanasaidia. Hiki ni kimlango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto linalotakiwa. Ikikosekana, injini huenda ikawa baridi mno na kula dizeli nyingi. Kwenye injini nyingine maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi.

Unaweza kuipima jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, uweke motoni. Maji yakikaribia kuchemka, kimlango lazima kiwe kimefunguka. Kama kimefunga, hiyo ni mbovu.

Na dereva naye ajipime. Asipande mlima kwa gia kubwa huku injini inakoroma na kutoa moshi mweusi. Hapo dizeli nyingi inaungua, lakini pampu na feni zinazunguka pole pole. Arudishe gia mapema. Apunguze mzigo.

DALILI ZA HATARI

Dalili nyingine ni habari mbaya, na lazima tuzikubali. Washa injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Kama mapovu yanatoka mfululizo, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia humo. Moshi mweupe usiokwisha, na maji yanayopungua bila kuvuja, pia ni dalili. Hapo gasketi imeungua, au hedi imepinda au kupasuka.

Nililetewa gari la kikundi cha vijana lenye dalili hizo. Lilichemsha mlimani. Dereva aliona mshale uko juu, lakini alitaka kuwahi soko. Akaongeza mwendo. Hedi ikapinda na kupasuka. Kifaa kilichoanza ugonjwa kilikuwa mpira mmoja wa maji uliotoboka. Mpira huo wangeununua kwa fedha za siku moja. Kulitengeneza gari, kikundi kilitoa fedha za mpunga wa msimu mzima. Wawili wakajitoa kwenye kikundi.

Kwa hiyo, mshale ukipanda, simama. Kama maji yapo na mkanda unazunguka, acha injini iungurume kidogo bila mzigo. Kama maji yanamwagika au mkanda umekatika, zima mara moja. Usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, chuma kitapasuka. Ngoja, hata kama ni saa nzima. Baadaye ongeza maji safi pole pole. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya mto. Ukipata maji yenye dawa ya kuzuia kutu, ni bora zaidi.

Ndugu msomaji, ukienda kwa fundi usiseme tu, "Gari linachemsha." Mwambie linachemsha wapi, baada ya muda gani, na likiwa na mzigo gani. Mwambie kama maji yanapungua. Akikuambia ununue kifaa, muulize: "Umejuaje kwamba hiki ndicho kibovu?" Hilo si tusi. Fundi mzuri atakuonyesha. Kama hawezi kukuonyesha, usitoe fedha bado.