MAKTABA YA MAKERERE NA VITABU VISIVYO NA UZITO

Mji wa Kampala husifiwa kwa vilima vyake saba vya kale. Kilima cha Makerere aghalabu hakimo katika hesabu ile ya saba, walakini jina lake limetajwa katika madarasa ya Afrika ya Mashariki kuliko jina la kilima kingine chochote cha mji huu. Hapo ndipo mwaka 1922 palipofunguliwa shule ya ufundi yenye vijana kumi na wanne tu, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Shule hiyo ikakua ikawa chuo, na mwaka 1949 kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na ndugu zake wa Nairobi na Dar es Salaam, na tangu mwaka 1970 kinajitegemea. Mwalimu Julius Nyerere alisomea ualimu hapo kati ya mwaka 1943 na 1945.

Msafiri atokaye katikati ya mji hupanda taksi katika uwanja wa zamani wa taksi, akafuata barabara ya Bombo mpaka Wandegeya. Mahali hapa hapalali. Waendesha bodaboda huita abiria, na wakaanga chapati huvingirisha mayai ndani ya chapati moto, chakula ambacho wenyeji hukiita rolex, na ambacho kimewalisha wanafunzi wengi wenye mifuko myepesi. Kutoka Wandegeya unapanda kwa miguu hadi lango kuu. Ukiisha kuingia, kelele hupungua. Juu ya miti mikubwa husimama makorongo wenye vichwa vya upara, wale waitwao kalooli kwa Kiganda, wakiwatazama wapita njia kama wazee wa baraza.

Mbele yako linasimama jengo kuu jeupe lenye mnara, lililojengwa mwaka 1941. Jengo hilo liliteketea kwa moto usiku mmoja wa Septemba 2020, na watu wengi waliosoma hapo walihuzunika kama waliofiwa. Likajengwa upya kwa sura yake ile ile, na mwaka 2024 likafunguliwa tena. Hata hivyo, safari yetu ya leo haiishii hapo, yaelekea maktaba.

KAZI ALIYONITUMA KAKA

Kaka yangu ni sajini wa polisi, na kituo chake kiko Karamoja. Mwanawe wa kwanza anasomea ualimu katika chuo hiki. Muhula uliopita kaka alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaza sana.

"Mdogo wangu," alisema, "mtoto huyu kila wiki ataka pesa ya bando. Anasema ni ya vitabu. Mimi najua vitabu vinakaa maktaba, wala havikai ndani ya simu. Nenda ukaone kwa macho yako, kisha uniambie kama mwanangu asoma au achezea mshahara wangu."

Nadhani swali hilo si la kaka peke yake. Wako askari wengi walio mbali na watoto wao, ambao hutuma fedha bila ya kuona zinakokwenda. Kwa hiyo niliomba ruhusa ya siku moja kazini, nikapanda kilimani.

MAKTABA YENYEWE

Hapo mwanzo vitabu vya chuo vilikaa ndani ya lile jengo kuu. Vilipozidi, mwaka 1959 maktaba ikajengewa nyumba yake. Tangu mwaka 1958 maktaba hii imepewa kwa sheria haki ya kupokea nakala ya kila chapisho litolewalo Uganda. Kwa hiyo si ghala la wanafunzi tu, bali pia ni kumbukumbu ya taifa. Kule Mulago liko tawi lake la utabibu, lenye jina la Sir Albert Cook, daktari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897.

Zamani kitabu kilichoagizwa Uingereza kilisafiri kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa gari moshi, ambalo reli yake iliifikia Kampala mwaka 1931. Safari hiyo ilichukua majuma mengi. La kustaajabisha ni kwamba kitabu cha siku hizi hupitia mlango ule ule. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulitandazwa chini ya bahari hadi Mombasa, na kutoka hapo nyaya nyingine zikaendelea nchi kavu kupitia Kenya hadi Uganda. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kinyonga. Sasa kitabu cha kurasa mia tano hutoka ng'ambo na kufika kilimani kabla chai haijapoa.

RAFU ISIYOONEKANA

Mpwa wa mke wangu husema kwamba kitabu cha kielektroniki ni picha tu ya kitabu. Sivyo kabisa. Ni maandishi yaliyohifadhiwa kwa namna ambayo kompyuta au simu huweza kuyafungua, kuyatafuta na kuyakuza. Mwanzo wake ni mwaka 1971, pale Michael Hart, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, alipoandika katika kompyuta Tangazo la Uhuru wa nchi yake ili watu walichukue bure. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa Gutenberg, ambao hadi leo hutoa bure vitabu ambavyo haki zake za uandishi zimekwisha muda.

Mtoto wa kaka alinipokea mlangoni. "Karibu, Baba mdogo," akasema, akaniketisha karibu naye, nami nikamtazama akifanya kazi.

Kwanza alifungua tovuti ya maktaba, akaingiza jina lake na neno la siri alilopewa na chuo. Huo ndio ufunguo. Pili, akaandika jina la somo katika katalogi, akachagua kuonyeshwa vitabu vya kielektroniki peke yake. Tatu, akafungua taarifa ya kitabu kimoja cha saikolojia ya elimu, akaangalia jina la mwandishi na mwaka wa toleo, kwa sababu toleo la zamani laweza kumpotosha mwanafunzi. Nne, akasoma masharti. Hapo ndipo nilipojifunza mengi.

Vitabu vingine huruhusu kupakuliwa sura moja moja katika faili ya PDF, na faili hiyo hubaki kwako daima. Vingine huazimwa kwa siku chache tu. Siku zikiisha, kitabu hujifunga chenyewe, hakihitaji karani wa kukudai. Vingine husomwa papo hapo bila kupakuliwa. Tena viko vinavyoruhusu msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja, na mwingine hungoja zamu yake kama mtu aliye kwenye foleni ya kisima.

Nilimwuliza mkutubi mmoja sababu ya masharti hayo yote, maana kitabu kisicho na karatasi hakichakai. Alinieleza kwa upole: "Ndugu yangu, kitabu cha karatasi maktaba hukinunua kikawa mali yake. Hiki cha kielektroniki, mara nyingi hukikodi tu. Tunalipia leseni, na leseni ikikoma, rafu hutoweka."

Ndiyo sababu maktaba za vyuo vikuu vya Uganda zimeungana ili kugawana gharama. Hali kadhalika, mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa HINARI wa kuzipa nchi maskini maandiko ya utabibu bure au kwa bei ndogo. Mwaka uliofuata ukaja AGORA, wa kilimo. Leo mipango hiyo na wenzake hujulikana kwa jina moja la Research4Life.

Kuna miiko pia. Mwanafunzi asimwazime mtu neno lake la siri, hata awe rafiki wa chanda na pete. Wala asijaribu kupakua rafu nzima kwa usiku mmoja. Mitambo ya wachapishaji huuona upesi mwendo wa namna hiyo, nao waweza kukifungia chuo kizima. Tamaa ya mmoja huwalaza wengine na njaa.

HESABU YA BANDO

Sasa turudi kwenye swali la sajini. Nilimtaka kijana anionyeshe vitabu alivyopakua, naye akanionyesha bila ya kigugumizi: vitabu na sura kumi na tisa, kila faili ikiwa na jina la somo lake, na katika nyingi ameandika maelezo yake pembeni. Moyo wangu ukatulia.

Lakini nikamwuliza, "Mwanangu, mbona wanunua bando ilhali hapa pana mtandao?"

Akanijibu kwamba chumba alichopanga kiko nje ya chuo, naye husoma usiku. Hapo tukakaa, tukapiga hesabu kama makarani. Ndani ya chuo mwanafunzi hutumia mtandao uitwao eduroam bila kulipia bando. Mtandao huo ni wa vyuo vingi duniani, na hapa Uganda husimamiwa na RENU. Mwanafunzi akizuru chuo kingine kilicho mwanachama, huingia kwa jina na neno lake lile lile. Maana yake ni kwamba kazi nzito ya kupakua ifanyike mchana kilimani, na usiku chumbani ibaki kazi ya kusoma tu, ambayo haitaki bando hata kidogo.

Kijana alikubali, na matumizi yake ya juma yakapungua kwa zaidi ya nusu. Nilimweleza kaka yote kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nilimdhania vibaya." Juma lile alimtumia kijana fedha kama kawaida, akamwambia zile zitakazobaki anunue viatu.

Likizo ilipofika, kijana alikwenda Karamoja na simu yenye maktaba ndani yake. Katika laini za polisi, ambako mtandao huja na kuondoka kama mvua za huko, alisoma kila jioni.

FAIDA KWA JAMAA WOTE

Labda msomaji atauliza, je, sisi tusio wanafunzi wa chuo tufanyeje? Njia zipo. Tasnifu nyingi zilizoandikwa Makerere zimewekwa katika hazina ya chuo mtandaoni, nazo husomwa na mtu yeyote. Iko pia Orodha ya Vitabu Huria, ijulikanayo kama DOAB, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambayo hukusanya vitabu vya kitaalamu vilivyotolewa bure kwa idhini ya wachapishaji wenyewe. Na kwa watoto wadogo wa kambini na kwenye kota, uko mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika ya Kusini, wenye hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kiganda na Kilugbara. Mama mwenye simu moja aweza kuzipakua siku anapokwenda mjini, akawasomea watoto juma zima bila mtandao.

Tahadhari moja ni ya lazima. Zimejaa tovuti zinazoahidi kila kitabu bure, kisha zikaiba namba za siri au kuiambukiza simu virusi. Kitabu halali hutolewa na maktaba, mchapishaji au mradi unaojulikana. Anayekutaka namba ya siri ya fedha zako ili akupe kitabu, huyo si mkutubi.

Mwisho, wazazi tusisahau kwamba kupakua si kusoma. Simu yaweza kubeba vitabu mia, na kichwa kisibebe hata kimoja. Mzazi aliye mbali na amwulize mwanawe kila juma amesoma sura ipi, na inasema nini. Swali hilo halina gharama, na kijana anayejua kwamba ataulizwa, husoma.