Mtungi Usiomwagwa

Akiba ni tabia njema, lakini si kila kiwekwacho ni akiba. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni mwendo wa kilomita zipatazo 65, walakini watu wa huku na huko wamefunzwa na nchi zao adabu mbili za maji. Korogwe imelala kando ya Mto Pangani. Mtekaji wa huko hutumia, humwaga, akateka tena. Handeni ni nchi ya kiu. Kwa miaka mingi mabomba yake yalingoja maji ya mto ule ule, na mtungi uliojaa haukumwagwa ovyo. Hapana mjinga kati ya hao wawili. Kila mmoja amepima umbali wa maji yake.

Kipimo hicho huikosa kompaila. Haskell, lugha ya programu iliyotangazwa mwaka 1990 na kupewa jina la mwanamantiki Haskell Curry, haikokotoi kitu mpaka kihitajiwe. Kompaila yake mashuhuri, GHC, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Glasgow, ikiamriwa kuboresha programu kwa alama ya -O, huvaa tabia ya Handeni: hesabu isiyotegemea kile ilichopewa kazi huitoa nje ya kazi hiyo, ili ifanywe mara moja na tunda lake litumiwe tena.

Mathalani, kazi moja hupitia orodha ya namba kutoka 1 hadi 10,000,000 kila iitwapo. Orodha ikizaliwa ndani, kila namba hutumika kisha hufagiwa, na nafasi itakiwayo ni ndogo. Ikitolewa nje, bila kuyeyushwa na maboresho mengine, huweza kubaki nzima ikingoja mwito ujao. Katika mashine ya biti 64, kila namba ya kawaida huchukua baiti 24 za kiungo na 16 za namba yenyewe. Orodha nzima ni baiti 400,000,000, na mfagiaji haruhusiwi kuigusa.

Msiba huu huitwa kuvuja kwa kumbukumbu, na jina lenyewe hupotosha: mtungi uvujao hupungua, kumbukumbu ivujayo hujaa. Mwandishi wa programu huchunguza mistari yake usiku kucha asione kosa, kwa maana kosa halimo katika mistari. Programu iliyokwenda jana bila alama, leo imekufa kabla ya kutoa jibu.

Dawa ipo: alama ya -fno-full-laziness huikataza kompaila kutoa hesabu nje. Lakini si dawa ya kila ugonjwa. Hesabu nzito yenye tunda dogo yafaa kuwekwa. Hesabu nyepesi yenye tunda kubwa yafaa kurudiwa. Kompaila hujua kuweka, haijui mto uko mbali kiasi gani. Ajuaye ni mtu, na ujuzi huo hapaswi kuukabidhi kwa alama moja bila kupima.